Dhambi za Kuazima

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Adolfu seremala amesimama katikati ya darasa la kisomo mjini Sumbawanga, kofia mkononi, watu kumi na wanane wakimtazama. Kwenye benchi la nyuma alikaa Lutengano, karani wa idara ya maji, akiomba dari limwangukie.

Dari halikuanguka. Adolfu akafungua kinywa.

"Naitwa Adolfu. Leo ni siku ya kumi na moja sijanywa. Mimi ndiye niliyeng'oa mlango wa nyumba yangu nikaubadilisha kwa pombe, mke wangu akiwa amelala ndani."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akaguna. Zenon, mwenyekiti wa kikundi na mjumbe wa nyumba kumi, mtu ambaye hata chafya huipiga kwa utaratibu, aliweka penseli chini akamwomba ndugu mgeni arudie. Adolfu akarudia. Akaongeza na habari ya ubatizo: jinsi alivyoingia kanisani amelewa, akasimama na familia isiyo yake, akaitikia kila swali la padri, hata mtoto wa watu akabatizwa Adolfu huku mwanawe mwenyewe akilia nje bila jina.

Tatizo ni kwamba kikundi kizima kilikwisha kuzisikia habari hizo. Kilizisikia miezi mitatu nyuma, tena kwa machozi, kutoka kwa Lutengano. Tofauti ilikuwa ndogo: katika simulizi ya Lutengano aliyelala ndani ni mama yake mzazi, na mtoto wa watu aliitwa Lutengano.

Msomaji uliyekuwa shambani unavuna, ngoja nikukumbushe upesi.

Lutengano ni mtu wa Tukuyu, mwana wa mzee wa kanisa la Moraviani. Hajaonja pombe tangu azaliwe. Hata togwa humsumbua tumbo. Siku moja ya mwezi wa tatu aliingia katika darasa hilo kuuliza habari ya bomba linalovuja, mvua ya mawe ikamfungia ndani. Akakuta watu wameketi duara, kila mmoja akisema tangu lini hajanywa. Mbele yao alisimama Mwalimu Rozina. Zamu ilipomfikia, Rozina akamtazama, na kijana akasahau bomba. Akasema alikunywa miaka saba.

Baada ya hapo alihitaji visa, naye hakuwa na hata kimoja. Mwenye nyumba wake, Adolfu, alikuwa navyo gunia zima. Kila aliporudi kutoka kilabuni Adolfu alikaa uani akasimulia aibu zake mwenyewe, na mpangaji wake alimsikiliza kama mwanafunzi anayekaribia mtihani. Siku ya Jumamosi aibu zile zilikuwa zake.

Rozina yeye hakuigiza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na pombe ndiyo iliyomtoa kazini. Aliacha kwa taabu, akapewa darasa la watu wazima, kisha akaanzisha kikundi ili asianguke peke yake, na sasa alikuwa na miezi kumi na minne bila kunywa. Aliwahi kuwa na mchumba aliyekuwa akimnusa mdomo kila anapoingia nyumbani. Akamwacha, akaapa kwamba ataolewa na mtu aliyepita njia ile ile, ambaye hatamnusa wala hatamhurumia. Kwa sababu hiyo alimkubali Lutengano. Ndoa ilipangwa iwe mwezi wa nane.

Haya, turudi darasani.

Zenon alisimama akasema kwamba katika kikundi hiki mtu huleta dhambi zake mwenyewe. Kuiba kisa cha mwenzako ni sawa na kuiba jembe la kijiji. Akauliza kama kuna anayeweza kumtetea ndugu mgeni.

Adolfu hakukasirika. Aligeuka tu nyuma, akamtafuta mpangaji wake kwa macho, akampata.

"Karani, waambie," alisema.

Lutengano akasimama. Rozina alikuwa akimtazama kwa macho yale yale ya siku ya mvua ya mawe. Ulimi wa kijana ulijua la kusema, lakini ulichosema ni kingine.

"Huenda milango ilikuwa miwili."

Wanakikundi wakapiga makofi. Walisema huo ndio moyo wa mtu aliyepona: ameibiwa kisa na bado anamtafutia mwizi njia ya kutokea. Adolfu akavaa kofia yake, akapita katikati ya makofi yale, akatoka.

Lutengano alikaa kidogo. Kisha akadai ana kichefuchefu, na safari hii hakuwa anadanganya, akatoka kumfuata.

Alimkuta kilabuni. Jua lilikuwa bado juu na upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapiga nyasi za paa. Adolfu alikaa peke yake pembeni, kibuyu cha pombe ya ulezi mbele yake kimejaa hadi mdomoni. Alikuwa hajakigusa. Alikitazama kama mtu anavyotazama mto kabla ya kuvuka.

Lutengano akaanza kuomba radhi. Adolfu akamnyamazisha kwa kiganja.

Akamweleza kwamba mkewe, Cornelia, aliporudi kwao Mpui alitoa sharti moja. Hataki zawadi wala wazee wa kusuluhisha. Anataka kusikia kwamba mumewe amesimama mbele ya watu akasema kila alichofanya, na watu wakamwamini. Hapo atarudi na watoto.

"Mimi nimekunywa kila kitu, karani. Nimekunywa randa, nimekunywa msumeno, nimekunywa mlango. Nilichobaki nacho ni aibu yangu. Nayo umeiazima bila kuniambia, ukaivaa mpaka imepauka. Leo nimeivaa mwenyewe, wanasema si yangu."

Baada ya hayo mkono wake ukaenda kwenye kibuyu.

Lutengano alikuwa mwepesi kuliko alivyojijua. Alikinyakua kile kibuyu kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani, akaapa kwa jina la baba yake kwamba Jumamosi ijayo atasimama aseme ukweli wote. Adolfu asinywe tu. Avumilie siku saba.

Adolfu akafikiri. Kisha akainuka, akasema atavumilia, akaenda zake. Lutengano akabaki na kibuyu kifuani, pombe ikimtiririka hadi kwenye kola.

Na hapo ndipo Zenon alipopita na baiskeli yake.

Zenon hakuwa na haja kilabuni. Ila kila Jumamosi baada ya mkutano alipita njia ile polepole, akichungulia kama kuna mwanakikundi aliyeteleza. Kwa mwaka mzima hakuwahi kumpata mtu. Alipomwona Lutengano na kile kibuyu alishuka, akashika kofia yake kama yuko msibani, kisha akapanda tena akakanyaga pedali kuelekea kwa Rozina.

Asubuhi ya Jumapili kikundi kilifika nyumbani kwa Adolfu, anakopanga Lutengano, kikiwa na mablanketi, sufuria na ratiba.

Walimweleza mgonjwa kwamba hawamlaumu. Kuanguka si kosa, kosa ni kulala palepale chini. Wakampangia zamu za kumlinda, wawili wawili, usiku na mchana. Adolfu alipotokea kuuliza kulikoni ndani ya nyumba yake, wakamwondoa uani, maana ndiye aliyeonekana akitoka kilabuni mbele ya mgonjwa, na tayari alijulikana kuwa mwongo. Akachukua mkeka akaenda kulala karakanani juu ya maranda. Hakubisha. Alikuwa anahesabu siku.

Dawa ya kwanza ilikuwa maji. Alfajiri, na wewe unajua alfajiri ya Sumbawanga mwezi wa sita ilivyo, wanaume wawili walimmwagia Lutengano ndoo nne za maji yaliyolala nje. Akatetemeka hadi meno yakagongana. Zenon akaandika kwamba mgonjwa anatetemeka, dalili ya pombe kutoka mwilini, akaamuru ndoo ya tano.

Alipojaribu kusema hajawahi kunywa, wakatazamana kwa huzuni. Mzee Leonsi, aliyekuwa zamu ya asubuhi, akamshika bega akamwambia kwamba wote walisema hivyo. Yeye mwenyewe aliwahi kusema hivyo akiwa ndani ya pipa.

Jumatatu ilipita hivyo. Kazini kwake walipelekewa taarifa kwamba karani ana homa.

Jumanne mchana Rozina akaja. Alileta uji wa ulezi katika bakuli lililofunikwa, akawaomba walinzi wakae nje. Zenon alikubali kukaa nje, lakini kwenye kizingiti.

Rozina alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, mrefu, mwenye sauti ya darasani hata akinong'ona. Siku hiyo sauti hiyo haikuwepo. Alimtazama Lutengano aliyevingirishwa blanketi tatu, akasema ana neno, na akishalisikia ataamua mwenyewe kama bado anataka kumwoa.

"Zenon aliponiletea habari zako nilikuwa kwa mama. Mama alikuwa amepika pombe kwa ajili ya watu watakaokuja kumsaidia kuvuna. Nikasema, kama Lutengano ameshindwa, mimi ni nani? Nikachota kikombe nikanywa chote. Nikachota cha pili. Hicho nilikimwaga, sijui kwa nguvu gani. Miezi yangu kumi na minne imekwisha."

Lutengano alihisi baridi kali kuliko ile ya ndoo. Alikuwa amezoea kudhani uongo wake unamla yeye na, kwa mbali kidogo, Adolfu. Hakuwahi kufikiri kwamba ungeweza kutembea kwa baiskeli hadi nyumbani kwa Mama Bertilla ukamkuta bintiye Rozina amesimama karibu na chungu.

Alitoka ndani ya blanketi akapiga magoti sakafuni.

"Rozina, mimi sijawahi kunywa pombe maishani mwangu."

Rozina akafumba macho. Akasema kwa upole kwamba hata yeye alisema hivyo kwa miaka minne, mara nyingine kikombe kikiwa mkononi.

Lutengano akamweleza yote. Akamweleza bomba, mvua ya mawe, uani kwa Adolfu, mlango, ubatizo, kibuyu alichokikumbatia ili mwingine asinywe. Kadiri alivyoeleza vizuri, ndivyo Rozina alivyozidi kumsikitikia. Alimwambia apumzike. Kichwa kikitulia ataona mwenyewe jinsi pombe inavyomtungia hadithi.

"Basi ninuse," akasema Lutengano. "Ninuse sasa hivi."

Rozina akasimama ghafla, bakuli likapinduka.

"Sitamnusa mtu yeyote mdomo. Wewe kuliko wote unajua kwa nini."

Akatoka huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kwenye kizingiti Zenon aliandika: siku ya tatu, mgonjwa anakana kila kitu, hata bomba analitaja.

Lutengano akabaki sakafuni. Kwa miezi mitatu alikuwa amesema uongo na kila mtu akamwamini. Sasa anasema kweli, na kweli yake haina mnunuzi. Akafikiri ni nani duniani anayejua mlango ule ulikuwa wa nani. Adolfu anajua, lakini Adolfu haaminiki. Aliyeuchukua alihamia Zambia. Alibaki mtu mmoja tu.

Jumatano alfajiri, ndoo zilipokuwa zinajazwa, karani alitoka kwa dirisha akiwa na suruali moja na blanketi. Walinzi walimkimbiza hadi penye malori ya mahindi. Walimwona akiparamia lori juu ya magunia, wakamwita kwa upendo, na lori likaondoka naye kuelekea Mpui.

Lutengano alimkuta Cornelia uwanjani kwa baba yake, anapepeta ulezi. Mwanamke mfupi, mwenye mikono ya kazi. Lutengano akamwamkia shikamoo, mama, akakaa chini na blanketi lake, akasema kila kitu kuanzia mwanzo. Ilikuwa mara ya pili ndani ya siku mbili, na alianza kuona kwamba kusema kweli hakuzoeleki upesi.

Cornelia aliendelea kupepeta mpaka kijana alipomaliza. Hakuuliza habari za mapenzi yake wala za kikundi. Aliuliza jambo moja: je, Adolfu alikunywa kile kibuyu?

"Hakukinywa, mama. Alikuwa hajakigusa."

"Umeona kwa macho?"

"Kwa macho. Kilinimwagikia mimi."

Cornelia akaweka ungo chini. Akasema ataenda Jumamosi, na si kwa ajili ya Lutengano; kijana akabaki Mpui kumngoja.

Jumamosi, saa kumi alasiri, darasa lilijaa hadi madirishani. Habari ya mgonjwa aliyeruka dirisha ilikuwa imezunguka mji mzima. Rozina alisimama mbele, uso umevimba kidogo. Adolfu alikuwa nje ya mlango, maranda kichwani, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Alipomwona mkewe akishuka kwenye lori pamoja na mpangaji wake, alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

Cornelia alimpita bila kumsalimu. Aliingia, akaomba radhi kwa kuwa si mwanakikundi, akasema amekuja kwa habari ya mlango.

"Mlango ulikuwa wa mninga," alisema. "Aliutengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Siku alipoung'oa sikuwa nimelala. Nilimsikia akifungua bawaba moja moja. Miaka miwili nilikuwa namwomba azitengeneze zile bawaba, zilikuwa zinalia. Nikajifunika shuka nikamshukuru Mungu. Nikasema, leo mume wangu anatengeneza mlango."

Akavuta khanga mabegani.

"Baridi ilipoingia ndipo nikajua."

Hapo mlangoni Adolfu aliingiza uso wake ndani ya kofia na mabega yake yakawa yanacheza. Jambo hilo la bawaba hata yeye hakuwa analijua.

Lutengano akasimama bila kuitwa. Akasema yeye si mlevi na hajawahi kuwa, mama yake hajawahi kulala nyumba isiyo na mlango, na kila kisa walicholilia kilikuwa cha mtu yule aliye nje. Akawaomba radhi. Kisha akakaa.

Zenon alipekua daftari mbele na nyuma. Katika kanuni zote za kikundi hakukuwa na kifungu cha jambo hili. Mwishowe akasimama akasema, kwa sauti ya kutoa hukumu, kwamba Ndugu Lutengano anatuhumiwa kutokuwa mlevi, na akauliza kama anakiri. Lutengano akakiri. Kura zikapigwa. Akafukuzwa kwa mikono kumi na sita.

Mzee Leonsi hakunyoosha mkono. Aliomba kuelezwa kwanza.

"Mimi niliacha pombe kwa ajili ya ule mlango," alisema. "Nilipousikia ndipo nilipoogopa. Sasa kama ni uongo, mimi nifanyeje?"

Adolfu ndiye aliyemjibu, kutoka mlangoni.

"Mlango uliuzwa kweli, mzee wangu. Endelea kuacha."

Wakamwingiza ndani. Alikuwa na siku kumi na nane, zote kavu, saba kati ya hizo juu ya maranda. Cornelia alisogea kwenye benchi, si sana, lakini nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

Ndipo Rozina akachukua penseli mkononi mwa Zenon. Akalifungua daftari penye jina lake, akapiga mstari juu ya miezi kumi na minne, akawaambia wote alichofanya kwa mama yake Jumamosi iliyopita. Hakulaumu mtu. Aliandika siku saba, akarudisha penseli.

Wengi waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja wa nyuma akaanza kulia taratibu, maana naye, kumbe, alikuwa na lake la siku mbili nyuma.

Lutengano aliyefukuzwa alikuwa ukutani nje, upepo unampiga. Rozina alimkuta pale.

"Ungeniambia siku ile kwamba hujawahi kunywa, ningekupa kiti ukae mpaka mvua iishe," alisema. "Basi."

"Ndiyo maana sikusema."

"Nilikunywa kwa mkono wangu, usijipe ukubwa. Lakini uongo wako ulinisindikiza hadi kwenye chungu." Akatazama milima ya Mbizi kwa muda. "Ndoa ya mwezi wa nane haipo. Kama ipo nyingine, sijui. Usiniulize leo."

Hakuuliza. Na hata angetaka asingepata nafasi, kwa sababu Landrova ya serikali iliingia uwanjani ikasimama mbele yao.

Akashuka ofisa wa mkoa, mtu wa makamo mwenye miwani na barua mkononi. Barua hiyo iliandikwa na Rozina mwenyewe miezi miwili iliyopita. Ndani yake alimsifu Ndugu Lutengano, aliyewahi kuuza mlango akapona, kuwa anafaa kuhutubia Saba Saba. Mwishoni aliomba kurudishwa shuleni, maana alikuwa ametimiza mwaka mzima bila kunywa.

Ofisa akaeleza kwa kifupi. Darasa hili linatakiwa kuwa ghala la mahindi kabla ya mwezi kwisha. Lakini kikundi chenye mtu wa mfano hakiwezi kutupwa nje. Kitapewa jengo lake. Anachotaka ni kumwona tu huyo mtu wa mfano.

Kikundi kilikuwa kimekwisha kutoka nje. Zenon alitazama darasa, akatazama daftari, akamnyooshea kidole mtu aliyemfukuza robo saa iliyopita.

"Ndiye huyu, ndugu ofisa. Hatuna mwingine."

Wote wakaitikia. Adolfu akamsogelea Lutengano akamnong'oneza kwamba mlango anampa, wa bure, autumie hata Dodoma. Cornelia naye akasema heri iwe hivyo, maana hapendi habari za nyumba yake zisemwe kwa kipaza sauti.

Rozina peke yake aliitazama barua yake.

Ni mara ngapi mtu huombwa na kijiji kizima aseme uongo ambao tayari anaujua kwa moyo?

"Si mimi," alisema Lutengano. "Mimi ni karani wa maji. Sijawahi kunywa."

Zenon akakaa chini palepale kwenye vumbi. Ofisa akakunja uso, akaigeuza barua, akamtazama Rozina.

"Na wewe, Mwalimu? Hapa pameandikwa mwaka mzima."

Ilikuwa kazi yake iliyokuwa imesimama pale. Ilikuwa ubao, chaki na watoto arobaini. Hakuna aliyekuwa amemwambia ofisa, na hakuna ambaye angemwambia.

"Siku saba," akasema Rozina.

Ofisa aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Akafungua mlango wa nyuma wa gari.

"Pandeni, nyie wawili."

Zenon akauliza wanapelekwa wapi. Ofisa akawasha injini.

Ndani ya gari walikaa wakitazamana, magoti yakikaribiana. Kwenye shimo la kwanza Rozina alirushwa mbele akashika mkono wa shati la Lutengano. Shimo likapita. Hakuuachia.

Gari halikukata kona ya ofisi za mkoa. Lilipita nyumba za mwisho za mji, likashika njia ya Mtowisa, na ofisa akaanza kusema bila kugeuka nyuma, polepole, kama mtu anayejikwaa.

Alisema mke wake anakunywa. Ni mwaka wa tatu. Ameleta mapadri, ameleta ndugu, ameleta watu wa hotuba. Wote walimwambia maneno mazuri. Tangu Machi alikuwa akitafuta mtu mmoja tu ambaye akiulizwa mbele ya watu hatadanganya hata kama inamgharimu. Leo amepata wawili.

"Nyumba yangu ni ile pale," akasema.

Lakini hawakufika nyumbani. Katikati ya barabara alisimama mwanamke aliyevaa viatu viwili visivyofanana, sanduku kichwani, ameinua mkono kusimamisha gari lolote litakalopita. Alipoitambua Landrova hakukimbia. Aliteremsha sanduku, akalikalia, akangoja.

Ofisa alizima injini mbele ya mkewe, lakini mikono yake ikabaki kwenye usukani.

Rozina akafungua mlango wa nyuma, akashuka, akaanza kumwendea peke yake.